Simu Inayokuandikia "Huduma Imesimama" Kila Dakika: Itengeneze Hatua kwa Hatua Bila Kupoteza Picha Zako

Kuna swali ninaloulizwa kila wiki, na karibu kila anayeuliza ameshajaribu mwenyewe akashindwa. Simu yake ya Android inaleta kijisanduku katikati ya kioo: Google Play Services (huduma ya Google inayofanya kazi chinichini) imesimama. Anakibonyeza kiondoke, kinarudi. Anafungua WhatsApp, kinamjia juu yake. Mwisho anachoka, anairisiti simu, yaani anafuta vyote irudi ilivyotoka kiwandani, anapoteza picha za mtoto na namba za watu, na akimaliza kuingiza akaunti kijisanduku ni kilekile.

Inaniuma kwa sababu mara nyingi haikuwa lazima. Wanaoshindwa wanaponzwa na mambo mawili. Wanafanya hatua tano kwa mkupuo bila kupima baada ya kila moja, na wanatibu jina lililoandikwa kwenye ujumbe bila kutafuta kilichoiangusha huduma hiyo. Huduma za chinichini hutegemewa na programu karibu zote, kwa hiyo uchafu wa programu moja unaweza kuangusha huduma isiyo na kosa lolote.

Hatua zilizo hapa chini zinaanza na zile zisizofuta kitu na kuishia na zinazofuta vyote. Fuata mpangilio, na simama pale tatizo linapoisha.

## Vitu vya kuandaa

Chaji isiyopungua asilimia 50, na chaja iwe karibu.

Wi-Fi, au bando la kama GB 1. Utapakua masasisho, na yakikatika katikati utaongeza tatizo juu ya tatizo.

Barua pepe na nenosiri la akaunti ya Google iliyomo kwenye simu. Hili ndilo muhimu kuliko yote. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa nguvu hukataa kuwaka kikamilifu mpaka uingize akaunti iliyokuwemo mwanzo. Kama uliinunua mtumbani au dukani wakakufungulia akaunti wao, huenda hata huijui. Fungua Mipangilio, angalia sehemu ya akaunti, andika barua pepe hiyo kwenye karatasi, kisha jaribu kuingia nayo kwenye simu ya mtu mwingine. Ikikataa, shughulikia nenosiri kwanza wakati simu bado inafunguka.

Nakala ya picha na namba. Hamishia picha kwenye memori kadi au kompyuta, na hakikisha namba zimehifadhiwa kwenye akaunti ya Google. WhatsApp ina sehemu yake ya kutunza nakala ya gumzo ndani ya mipangilio yake. Ibonyeze sasa hivi.

Daftari na kalamu. Utaandika kila ulichofanya na matokeo yake.

## Hatua ya 1: Soma jina lote, na uandike saa

Usikimbilie kukibonyeza kijisanduku kiondoke. Soma jina. Andika pia ulikuwa unafanya nini: umefungua kamera, umewasha data, umeingiza laini, au simu ilikuwa imelala mezani tu.

Tofautisha pia maneno mawili. Huduma "iliyosimama" imeanguka yenyewe. Programu "isiyojibu" bado ipo, lakini imekwama. Android hutoa ujumbe huo pale programu inaposhindwa kuitikia mguso wako kwa takribani sekunde 5. Kukwama huko mara nyingi ni simu iliyojaa au iliyochoka, na Hatua ya 3 pekee hutosha.

Majina utakayokutana nayo zaidi ni Google Play Services, System UI, na programu ya simu au SIM Toolkit (ile inayoonyesha menyu za laini). Lipo moja ambalo halijitaji: Android System WebView. Hii ndiyo inayochora kurasa za intaneti ndani ya programu nyingine, kwa hiyo ikiugua, kinachoanguka mbele yako ni Gmail, programu ya benki au ya magazeti. Machi 2021 sasisho bovu la WebView liliangusha programu za watu dunia nzima, na wengi walihangaika kufuta na kupakua upya programu ambazo hazikuwa na kasoro. Dawa ilikuwa kusasisha WebView na Chrome. Kwa hiyo ukiona programu tatu zisizohusiana zimeanza kujifunga siku moja, ishuku WebView kabla ya zote.

Umefanikiwa ukiwa na jina moja na tukio moja daftarini.

## Hatua ya 2: Nyamazisha ujumbe ili upate nafasi ya kufanya kazi

Wengi hukwama hapa kabla hata hawajaanza: kijisanduku kinarudi haraka kiasi kwamba huwezi kufika kwenye Mipangilio. Vuta pazia la juu, washa hali ya ndege, kisha zima simu na uiwashe tena ikiwa bado kwenye hali hiyo.

Sababu yake ni kwamba huduma nyingi za Google huamka zinaponusa mtandao, zinataka kulinganisha namba, barua na mahali ulipo. Ukikata mtandao zinalala, na huduma iliyolala haianguki.

Pima hapa. Kama kijisanduku kimepotea kabisa kwenye hali ya ndege, tatizo liko kwenye akaunti, usasishaji au laini. Kama kinaendelea vilevile, tatizo liko ndani ya simu yenyewe. Andika.

## Hatua ya 3: Nafasi na saa

Nenda Mipangilio, kisha Hifadhi. Ukiona zimebaki MB mia chache, usiendelee na hatua nyingine yoyote. Huduma zinaandika mafaili madogo kila wakati, na zikikosa pa kuandika zinaanguka. Mimi hutaka GB 2 ziwe wazi kabla sijagusa kitu kingine.

Jirani yangu aliniletea simu ya GB 16 iliyokuwa imesumbua wiki tatu. Tuliifungua WhatsApp, tukaenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi, tukabonyeza kudhibiti hifadhi. Ikajipanga orodha: video moja ya mahubiri ilikuwa imetumwa kwenye makundi manne, nakala nne zote zimo, kila moja zaidi ya MB 60. Chini yake video za kitchen party ambazo hata yeye hakuzifungua. Tulifuta za kurudiarudia tu, picha za familia hatukuzigusa, zikapatikana karibu GB 4. Tukazima simu, tukaiwasha. Kijisanduku hakikurudi.

Saa nayo. Simu iliyokaa bila chaji siku nyingi inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Vyeti vya usalama vya mtandao vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo simu yenye tarehe mbovu huvikataa vyeti vya seva, na huduma za akaunti zinaanza kufanya vituko. Weka tarehe na saa zijirekebishe zenyewe, na eneo liwe la Afrika Mashariki, GMT+3, au la huko uliko.

Toka kwenye hali ya ndege, washa data, subiri dakika kumi. Kimya? Umemaliza.

## Hatua ya 4: Hali salama

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayokuambia ukweli. Simu ikiwaka kwenye hali salama, programu zote ulizopakua wewe zinazuiwa. Zinabaki zile zilizokuja na simu. Kwa hiyo unajua mara moja kama mkosaji ni mgeni au mwenyeji.

Bonyeza kitufe cha kuzimia mpaka menyu itokee, kisha gusa na ushikilie neno la kuzima mpaka simu ikuulize kama unataka kuingia hali salama. Kubali. Ikiwaka, utaona maandishi ya hali salama kwenye kona ya chini. Kabla ya hapo piga picha ya kioo cha mwanzo, maana vijisanduku kama vya saa na hali ya hewa huweza kuondoka.

Itumie hivyo kwa nusu saa.

Kama ujumbe umekoma, mkosaji ni programu uliyopakua. Anza na uliyoiweka karibuni kabla tatizo halijaanza. Kisha angalia makundi haya: programu za kusafisha na kuongeza kasi ya simu, za kutunza chaji, matoleo ya WhatsApp yasiyo rasmi, na chochote ulichorushiwa na rafiki bila kupitia Play Store. Programu za kusafisha ndizo ninazozilaumu zaidi. Kazi yake ni kuua huduma za chinichini, mfumo unaziamsha, inaziua tena, na simu inashinda kwenye ugomvi huo mchana kutwa ikila chaji.

Ondoa moja, washa simu kawaida, pima. Ukiondoa kumi kwa pamoja hutajua ni ipi, na utairudisha siku nyingine bila kujua.

Programu ikikataa kuondolewa, tafuta kwenye Mipangilio sehemu ya usalama yenye orodha ya programu za wasimamizi wa kifaa, iondolee mamlaka hayo, kisha iondoe. Programu ya tochi au ya picha inayodai usimamizi wa simu haina nia njema.

Kama ujumbe unaendelea hata kwenye hali salama, programu zako hazina kosa. Washa simu kawaida uende Hatua ya 5.

## Hatua ya 5: Futa akiba, na ujue usichopaswa kugusa

Akiba ni ile wengi wanaiita kashe: vitu vya muda ambavyo huduma imejiwekea ili ifanye kazi haraka. Ikiharibika, huduma huisoma, inaanguka, inaamka, inaisoma tena. Kuifuta hakuondoi picha, ujumbe wala akaunti.

Nenda Mipangilio, Programu, fungua orodha yote. Kama huduma haionekani, bonyeza nukta tatu za juu na uchague kuonyesha za mfumo. Fungua ile iliyotajwa kwenye ujumbe, ilazimishe isimame, ingia Hifadhi, futa akiba. Kama ni Google Play Services, fanya vivyo hivyo kwa Google Play Store na Google Services Framework, kwa maana zinafanya kazi kama mafiga matatu. Zima simu, iwashe.

Onyo. Kwenye orodha hiyo hiyo kitufe cha kufuta data kinakaa jirani na cha kufuta akiba. Soma kabla ya kubonyeza. Na zipo huduma mbili ambazo usizifutie data kamwe: ile ya kuhifadhi anwani za watu, na ile ya kuhifadhi simu na ujumbe. Ya kwanza inafuta namba zilizohifadhiwa kwenye simu, ya pili inafuta SMS zote, pamoja na ujumbe wa miamala unaoweza kuuhitaji kama ushahidi. Hakuna anayekuonya kwa herufi kubwa pale kwenye kioo.

## Hatua ya 6: Rudisha kilichozimwa

Kwenye nukta tatu hizo hizo kuna chaguo la kuweka upya mapendeleo ya programu. Linawasha programu zilizozimwa, linaruhusu tena data ya chinichini na kurudisha arifa zilivyokuwa. Data yako haiguswi. Utalazimika tu kuchagua upya kivinjari chako na kukubali ruhusa chache.

Ninaipenda hatua hii kwa sababu watu wengi walishazima huduma fulani zamani kwa kufuata ushauri wa kuokoa chaji, wakasahau. Ukizima ile ya kusimamia vipakuliwa, kwa mfano, Play Store nayo inakwama.

## Hatua ya 7: Masasisho, mbele na nyuma

Fungua Play Store, tafuta Android System WebView na Chrome, sasisha zote mbili. Kama zinagoma kusasishwa au tatizo lilianza mara tu baada ya sasisho, rudi nyuma: fungua WebView kwenye orodha ya programu, nukta tatu, ondoa masasisho. Itarudi kwenye toleo lililokuja na simu. Washa upya, kisha sasisha tena. Kwenye Android 7 hadi 9 ni Chrome inayofanya kazi ya WebView, kwa hiyo usishangae ukiikuta WebView imezimwa. Shughulika na Chrome.

Google Play Services nayo inaweza kuondolewa masasisho kwa njia hiyo. Ikikataa, ondoa kwanza mamlaka ya huduma ya kutafuta simu iliyopotea kwenye orodha ya wasimamizi wa kifaa, na uyarudishe ukimaliza. Baada ya hapo iache simu kwenye Wi-Fi na chaja. Play Services hujisasisha yenyewe. Kosa la wasomaji wengi liko hapa: wanaondoa masasisho, wanaona kimya cha dakika tano, wanaondoka nyumbani bila mtandao. Toleo la zamani likikutana na programu mpya, ujumbe unarudi.

Kama simu yako ni ya Android 4.4, usijichoshe. Tangu 2023 Google imeacha kuipa toleo hilo Play Services mpya.

Umefanikiwa ukipita siku nzima bila kijisanduku, Play Store ikifunguka, na ujumbe wa WhatsApp ukiingia hata kioo kikiwa kimezimwa.

## Hatua ya 8: Futa data ya Play Services

Fanya hivi endapo saba za mwanzo zimeshindwa. Fungua Google Play Services, Hifadhi, ingia kwenye kudhibiti nafasi, kisha futa data yote.

Picha na gumzo hazitaguswa. Kadi ulizoweka kwenye Google Wallet utaziingiza upya, na arifa za baadhi ya programu zinaweza kuchelewa mpaka uzifungue moja moja. Washa upya simu na uiache kwenye Wi-Fi nusu saa bila kuisumbua.

## Ikiwa kinachoanguka ni programu ya simu au SIM Toolkit

Huku kwetu hili si tatizo dogo. Unabonyeza *150*00# Tanzania au *334# Kenya, menyu ya M-Pesa inaanza kutokea, halafu programu ya simu inaanguka na menyu inapotea.

Kwanza kabisa, ikianguka ukiwa umeshaingiza namba ya siri, usirudie muamala. Subiri SMS, au angalia salio kwa simu nyingine. Pesa inaweza kuwa imekwenda.

Kisha zima simu, toa laini, ifute kwa kitambaa kikavu, ihamishie kwenye tundu la pili. Laini iliyokatwa kwa mkasi ili iingie kwenye tundu dogo husumbua sana. Ikifanya vilevile kwenye simu ya mtu mwingine, kaibadilishe kwa wakala ukiwa na kitambulisho chako. Ikiwa laini ni nzima, futa akiba na data ya SIM Toolkit. Hapo data haina madhara, kwa kuwa menyu zenyewe zimo ndani ya laini. Mwisho, weka upya mipangilio ya mtandao. Utaingiza tena nywila za Wi-Fi na kuunganisha upya vifaa vya Bluetooth.

## Ikiwa ni System UI

Hii ndiyo inayochora pazia la juu, vitufe na picha ya ukutani. Anza na ulichobadilisha: mandhari, aina ya herufi, picha. Mwaka 2020 picha moja tu ya ziwa na milima iliziangusha simu nyingi za Android 10 ilipowekwa ukutani, kwa sababu rangi zake zilihifadhiwa kwa mfumo ambao System UI ya wakati huo haikuumudu. Ingia hali salama, rudisha mandhari ya kiwandani, futa picha.

## Hatua ya 9: Kurisiti, ukiwa umejiandaa

Simu za tangu Android 8 zikiona mfumo unaanguka mfululizo hujaribu kujiokoa zenyewe, na mwisho hukuletea ukurasa unaosema data huenda imeharibika, ukiwa na chaguo mbili: kujaribu tena au kufuta yote. Jaribu tena kwanza, zaidi ya mara moja. Simu kadhaa nimeziona zikiwaka mara ya tatu, zikampa mwenyewe nafasi ya kutoa picha.

Baadhi ya simu, hasa za Samsung, zina pia chaguo la kufuta akiba ya mfumo kwenye menyu ya urekebishaji, ile inayofunguliwa kwa kitufe cha sauti na cha kuwasha kwa pamoja. Kwenye Samsung za Android 11 na kuendelea, unganisha simu na kompyuta kwa waya ndipo menyu ikubali kufunguka. Hapo huchaguliwa kwa vitufe vya sauti, mstari mmoja mmoja, na mstari wa kufuta data yote uko karibu sana. Taratibu.

Ikibidi kurisiti, pitia ndani ya Mipangilio, si kwenye menyu hiyo, na uwe na ile karatasi ya akaunti mkononi. Ikiwaka, usirudishe programu zote mara moja. Itumie saa chache ikiwa tupu, yenye akaunti na masasisho tu, halafu ongeza programu tatu tatu.

Kama ujumbe unakuja hata simu ikiwa tupu, programu hazihusiki tena. Aidha mfumo wenyewe umeharibika na unahitaji kuflashiwa, yaani kuwekwa upya, kwa faili halisi la modeli hiyo, au chipu ya kuhifadhia data inachoka: dalili zake ni picha zinazofunguka nusu, simu kuganda kila unapohifadhi kitu, na kujizima bila joto. Mpelekee fundi daftari lako pamoja na simu. Muulize kabla hajaanza faili analotumia ni la modeli gani hasa, na umsomee namba ya modeli iliyo kwenye Mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, chukua simu yako.